Mcheza Kwao Hutunzwa: Tamasha la Filamu la Ouagadougou na Farasi wa Yennenga

Wahenga wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma za vijijini methali hii haikuwa maneno matupu. Mchezaji hodari alituzwa pale pale uwanjani, mbele ya watu waliomjua yeye na wazazi wake, na walioijua ngoma yenyewe. Aliyetoa tuzo aliweza kupambanua hatua iliyo sahihi na ile iliyokosewa, na akitoa senti yake alikuwa anatoa hukumu. Kwa hiyo tuzo ilikuwa ni zaidi ya malipo: ilikuwa ni kauli ya jamii juu ya sanaa yake.

Katika insha hii tunakusudia kuitazama methali hiyo katika sanaa iliyo changa kuliko ngoma, nayo ni sanaa ya filamu. Tutaeleza jinsi Waafrika walivyojijengea uwanja wao wenyewe wa kuchezea na kutuzana katika mji wa Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, nchi ambayo hadi mwaka 1984 iliitwa Volta ya Juu. Kisha tutajiuliza historia hiyo inatufunza nini sisi wenyewe.

Kutazamwa bila ya kujitazama

Filamu iliingia Afrika pamoja na ukoloni, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha ukoloni. Mwafrika alitazamwa na kamera, lakini hakuruhusiwa kuishika. Katika makoloni ya Ufaransa ilitolewa amri mwaka 1934, maarufu kwa jina la Waziri Laval, iliyomlazimisha kila aliyetaka kupiga filamu kupata kwanza kibali cha serikali ya kikoloni. Ndiyo maana Paulin Vieyra na wenzake, vijana wa Kiafrika waliosomea filamu Ufaransa, walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliipiga katika mitaa ya Paris. Waliweza kuwapiga picha Waafrika waliokuwa ugenini, lakini hawakuweza kuwapiga picha Waafrika waliokuwa nyumbani.

Nchi yetu nayo ina sehemu katika historia hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, uwekaji wa akiba na hata ulipaji wa kodi, zikatembezwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waigizaji wake walikuwa wananchi, na lugha ya Kiswahili ilitumika katika maelezo. Lakini hadithi zilichaguliwa na wageni, mafunzo yalipangwa na wageni, na aliyeamua kwamba filamu fulani ni njema au ni mbaya alikuwa mgeni. Mwananchi alicheza, lakini hakucheza kwao ingawa alikuwa katika ardhi yake.

Uhuru ulipopatikana bendera zilibadilika, lakini pazia la sinema halikubadilika. Katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi zilizotawaliwa na Wafaransa, biashara ya filamu ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA. Kampuni hizo ziliamua ni filamu gani zionyeshwe, wapi, na kwa bei gani. Mtoto wa Dakar au wa Ouagadougou aliingia ukumbini kuwatazama wachunga ng'ombe wa Marekani wakipigana bastola, na Tarzan akiwatawala watu weusi porini. Filamu ya Mwafrika mwenzake hakuiona, kwa kuwa hata ilipokuwapo haikupata nafasi.

Mwaka 1969 na mwaka 1970

Katika hali hiyo wapenzi wachache wa sinema walikutana Ouagadougou na kuandaa juma la filamu za Kiafrika mwezi Februari mwaka 1969. Mwenyekiti wa kamati ya matayarisho alikuwa mwanamke, Bibi Alimata Salembéré. Nchi za Afrika zilizoleta filamu mwaka ule zilikuwa tano tu. Hapakuwa na mashindano wala tuzo. Lengo lilikuwa dogo kwa maneno, ila kubwa kwa maana: Waafrika waione sinema ya Waafrika, wajue kwamba ipo.

Watu walifurika. Jambo hili lataka kukumbukwa, kwa sababu wenye kampuni za kigeni walikuwa wakidai kwamba Mwafrika hapendi kujitazama, anapenda bastola na farasi wa Marekani. Ouagadougou ilionyesha kwamba walaji walikuwa wakilaumiwa kwa chakula ambacho hawakuwahi kupakuliwa.

Mwezi Januari mwaka 1970 Serikali ya Volta ya Juu ilichukua hatua ambayo msomaji wa Kitanzania, anayekumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, ataielewa bila ya shida. Baada ya kuzozana na kampuni zile juu ya kodi na bei za tiketi, ilizitaifisha sinema zilizokuwa nchini na kuunda shirika la umma la kuziendesha, SONAVOCI. Kampuni zile zilijibu kwa kuinyima nchi filamu. Wakubwa walitaraji kwamba nchi maskini, isiyo na bahari wala madini mengi, ingesalimu amri upesi. Haikusalimu. Zaidi ya hayo, sehemu ya mapato ya tiketi iliwekwa kando ili kusaidia utengenezaji wa filamu za wananchi, na kwa njia hiyo filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, Le Sang des parias ya Mamadou Djim Kola, ikapatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Twaona basi kwamba tamasha hili halikuzaliwa kama pambo. Lilizaliwa pamoja na swali la nani mwenye ukumbi, nani mwenye pazia, na fedha ya tiketi inakwenda wapi. Mwezi Januari mwaka 1972 lilipewa msingi wa kisheria na kuwa taasisi ya kudumu, ambayo ulimwengu umeizoea kwa jina fupi la FESPACO. Kwa muda halikuwa na mpango maalumu wa miaka, lakini tangu mwaka 1979 limekuwa likifanyika kila baada ya miaka miwili, kwa kawaida mwezi Februari au Machi.

Binti Mfalme na farasi wake

Mwaka huo huo wa 1972 ndipo tuzo zilipoanza kutolewa. Waandaaji wangeweza kuiga mitende ya Cannes au simba wa Venice. Badala yake walirudi katika masimulizi ya Wamosi, kabila kubwa la nchi hiyo, wakamchukua Yennenga.

Masimulizi yasema kwamba Yennenga alikuwa binti wa mfalme wa Wadagomba, katika sehemu ambazo leo ni kaskazini ya Ghana. Alikuwa hodari wa kupanda farasi na shujaa wa vita, hata baba yake akakataa kumwoza kwa kuchelea kumpoteza askari wake mkuu. Siku moja Yennenga alitoroka akiwa juu ya farasi wake. Farasi alimkimbiza mbali sana porini, mpaka akafika kwa mwindaji wa ndovu aitwaye Rialé. Wakaoana, wakapata mtoto wa kiume, nao kwa kumshukuru farasi aliyewakutanisha wakamwita mtoto huyo Ouédraogo, yaani farasi dume. Kutokana na mtoto huyo Wamosi huhesabu ukoo wa wafalme wao.

Tuzo kuu ya tamasha, basi, ni Farasi Dume wa Yennenga: sanamu ya binti huyo akiwa juu ya farasi wake na mkuki mkononi. Siku hizi hutolewa ya dhahabu, ya fedha na ya shaba. Waandaaji walichagua alama iliyo ndani ya hadithi ambayo bibi kizee wa kijijini anaijua kabla ya kuingia sinema hata mara moja. Mshindi akiinyanyua sanamu ile, mwenye nyumba ya udongo na mwenye shahada ya chuo kikuu wote wawili wanaelewa alichokipata.

Farasi wa kwanza, mwaka 1972, alikwenda kwa Oumarou Ganda wa Niger kwa filamu yake Le Wazzou polygame. Maisha ya mtu huyu ni somo peke yake. Alipigana vita vya Indochina akiwa askari katika jeshi la Ufaransa. Kisha akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Abidjan. Huko aliigiza katika filamu ya Mfaransa Jean Rouch, Moi, un noir. Baadaye aliishika kamera mwenyewe. Filamu yake iliyoshinda haikuwasifu Waafrika kwa kuwa ni Waafrika: ilimfichua tajiri mmoja aliyerudi kuhiji Makka, akatumia heshima yake mpya kujiongezea mke kijana ambaye moyo wake ulikuwa kwa mwingine. Majaji wa Kiafrika walimtuza mtu aliyewakosoa Waafrika. Hapo tunaona faida ya kuhukumiwa na wa kwenu: mgeni akikukosoa unajitetea, bali ndugu akikukosoa kwa haki huna budi kumsikiliza.

Farasi alivyotembea Afrika

Tangu wakati huo farasi huyo amelizunguka bara zima. Mwaka 1973 alikwenda Moroko kwa Souheil Ben Barka, na mwaka 1976 Kameruni kwa Jean-Pierre Dikongue-Pipa. Souleymane Cissé wa Mali alimpata mara mbili, mwaka 1979 kwa Baara, na mwaka 1983 kwa Finyè. Mwaka 1987 alipewa Med Hondo wa Mauritania kwa Sarraounia, filamu juu ya malkia aliyepambana na kikosi katili cha Wafaransa mwaka 1899 katika nchi ambayo leo ni Niger. Mwaka 1989 Kwaw Ansah wa Ghana alishinda kwa Heritage Africa, na hivyo mpaka wa lugha za wakoloni ukavukwa. Gaston Kaboré wa Burkina Faso alishinda mwaka 1997, Zola Maseko wa Afrika ya Kusini mwaka 2005, na Haile Gerima wa Ethiopia mwaka 2009.

Afrika ya Mashariki ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 2019, tamasha lilipotimiza miaka 50, farasi wa dhahabu alikwenda kwa Joël Karekezi wa Rwanda. Filamu yake yaeleza habari za askari wawili wa Rwanda waliopotea katika misitu ya Kongo wakati wa vita vya mwaka 1998, na ndani yake Kiswahili kinasikika, kwa kuwa katika misitu ile Kiswahili ni lugha ya askari, ya wafanya biashara na ya wakimbizi. Mwaka huo huo tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Samantha Mugatsia wa Kenya. Mwaka 2021, katika tamasha lililoahirishwa mpaka Oktoba kwa sababu ya maradhi ya Uviko, Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Somalia, alishinda kwa filamu iliyozungumzwa Kisomali. Mwaka 2025 farasi alirudi nyumbani kwa Dani Kouyaté, baada ya miaka 28 bila ya mshindi wa dhahabu wa Burkina Faso.

Suala la lugha halikuwa jambo la kando. Mzee Ousmane Sembène wa Senegal, aliyeheshimiwa na watengenezaji wote wa filamu wa Afrika kama kaka yao mkubwa mpaka alipofariki mwaka 2007, alianza akiwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Akatambua kwamba wale aliowaandikia, wachukuzi, wakulima na akina mama wa sokoni, hawakuweza kumsoma. Akiwa mtu mzima akaenda Moscow kusomea filamu, na mwaka 1968 akatengeneza Mandabi, ambayo watu wake wanasema Kiwolofu. Kaboré naye alitumia Kimore. Kwa hiyo wakati wasomi walipokuwa wakijadiliana katika mikutano kama lugha za Kiafrika zaweza kubeba fikra za kisasa, wakulima walikuwa wamekwisha kaa ukumbini wakilia na kucheka kwa lugha zao.

Upungufu wa uwanja wenyewe

Tungekuwa tunamdanganya mwanafunzi kama tungeishia katika sifa. Tamasha hili lina upungufu, na baadhi ya upungufu huo ni wa Afrika nzima.

Kwanza, jina la tuzo ni la mwanamke, na mwenyekiti wa kwanza wa matayarisho alikuwa mwanamke. Lakini mpaka tamasha la mwaka 2025 hakuna mwanamke hata mmoja aliyepewa farasi wa dhahabu. Apolline Traoré wa Burkina Faso alifikia farasi wa fedha mwaka 2023 kwa filamu yake Sira. Yennenga amepandishwa juu ya sanamu, lakini binti zake bado wanasubiri.

Pili, kwa miaka mingi filamu iliyotaka kushindania tuzo kuu ilitakiwa iwe katika utepe wa milimita 35, ambao ni ghali mno. Sharti hilo lilikusudiwa kulinda ubora, lakini liliwafungia mlango vijana wa nchi zisizo na maabara. Filamu za kidijitali zilikubaliwa katika shindano hilo mwaka 2015 tu.

Tatu, fedha. Filamu nyingi zilizoshinda zilitengenezwa kwa msaada kutoka Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya. Anayelipa mpiga zumari, hata akiwa na nia njema, huweza kuchagua wimbo. Jitihada ya nchi za Afrika ya Magharibi na ya Kati ya kuunda shirika la pamoja la kusambaza filamu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikudumu. Nchi wanachama zilisahau kulipa michango, na kumbi ziliendelea kujaa filamu za nje.

Nne, na hili ndilo kubwa, filamu huweza kushinda Ouagadougou na isionekane kamwe katika nchi ya aliyeitengeneza. Video na televisheni zilipoenea, majumba ya sinema yalifungwa katika miji mingi ya Afrika. Mengine yakageuzwa maghala, maduka na kumbi za ibada. Tuzo bila ya ukumbi ni sawa na mahari bila ya arusi.

Pamoja na hayo yote tamasha limeishi. Limepita katika mapinduzi ya serikali zaidi ya moja. Liliishi baada ya kuuawa kwa Rais Thomas Sankara mwezi Oktoba mwaka 1987, yeye aliyelipenda na kulikuza. Na lilifanyika mwaka 2023 na mwaka 2025 wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa katika vita. Wananchi wa Ouagadougou hawakuliacha, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuliona kuwa ni mali yao.

Na sisi je?

Mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Katika moyo huo nchi yetu ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, iliyotoa filamu kama Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970 na Mama Tumaini katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill juu ya mwanamke mgonjwa na hofu yake ya tiba za asili, ilipata tuzo Ouagadougou. Kampuni ile haipo tena, na Watanzania wengi waliozaliwa baadaye hawajapata kuiona filamu hiyo hata mara moja. Tulituzwa, na tukasahau kwamba tulituzwa.

Hata hivyo hatukukaa kimya. Tangu mwaka 1998 Zanzibar imekuwa na tamasha lake la kimataifa la filamu, linalofanyika kila mwaka na kujulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Filamu huonyeshwa usiku katika Ngome Kongwe, na nyingine hupelekwa vijijini Unguja na Pemba. Tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Kama Wamosi walivyomchukua farasi wa Yennenga, watu wa pwani walichukua chombo kilichowaunganisha na Bara Hindi, Ghuba na Komoro kwa karne nyingi kwa upepo wa kaskazi na kusi. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto huko Kanada. Msomi wa fasihi wa sekondari anayeijua riwaya hiyo aweza sasa kulinganisha ukurasa na pazia, jambo ambalo waalimu wake hawakulipata.

Tunajifunza nini basi? Tunajifunza kwamba tuzo ni tunda, na tunda halina budi kuwa na mti. Volta ya Juu, nchi maskini kuliko yetu kwa mali, ilianza na kumbi na tiketi, kisha ikatafuta sanamu ya kuwapa washindi. Sisi tumezoea kuuliza kwanza nani ameshinda ng'ambo. Ni vyema tuulize pia: filamu iliyoshinda ilionyeshwa wapi Dodoma, Kigoma au Mtwara? Nakala yake imehifadhiwa wapi? Nani ameiandika habari yake kwa Kiswahili ili mwanafunzi aisome?

Mwalimu hahitaji kusubiri amri kutoka juu. Ukuta mweupe wa darasa na chombo kimoja cha kuonyeshea picha vyatosha kuanza. Wanafunzi na waitazame filamu ya Kitanzania au ya Kiafrika kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wahukumu: je, hadithi imesimuliwa vyema? Lugha ni fasaha? Mtu aliyechorwa pale twamjua mtaani kwetu, au ametungwa ili kumpendeza mgeni? Majibu yao yatatofautiana, na watabishana. Na waachwe wabishane, mradi kila mmoja atoe sababu yake. Watu wanaoweza kubishana juu ya ngoma yao wamekwisha kuijua, na siku moja mmoja wao atakaposimama kucheza, watakuwapo watu wa kumtuza.